Jitu wa Futi Tano

Jumapili, 1 Septemba 1991

Nimekufa tena. Mara ya tatu tangu Julai! Safari hii nimeuawa na mbuzi.

Niandike vizuri, hasira isije ikapoa. Évode, mwalimu wa hesabu, aliachiwa na Mbelgiji mmoja sanduku la mchezo: kitabu cha Kifaransa, dadu za kila umbo, ramani za mapango. Jumapili alasiri tunacheza juu ya meza yangu ya kukatia nguo, hapa Nyamirambo. Évode anasimulia. Sisi watatu ni mashujaa tunaotafuta dhahabu: mimi, Habimana mwashi, na Spès, anayepiga chapa ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa. Ukitaka kumpiga adui unarusha dadu. Mimi napata moja. Daima moja!

Spès alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha suti ya mteja. Kicheko chake nakipenda kuliko kitu chochote cha wiki nzima. Ila sitaki kianzie kwangu.

Jumanne, 3 Septemba

Nimegundua hila ya Mwalimu! Kitabu kina ukurasa mzima wa makabila, naye aliuruka. Jitu anaongezewa nguvu mbili. Kibwengo, wepesi mbili. Jini, akili mbili. Binadamu wa kawaida haongezewi kitu. Ndiyo maana nauawa na mbuzi!

Nikamfuata shuleni kwake. Akasema aliuruka kwa makusudi. Eti nguvu ya mtu itoke kwenye kazi aliyojifunza, si kwenye tumbo alimozaliwa. Jitu aliyelelewa na fundi cherehani atajua kushona, hatajua kuvunja milango. Nikamwambia mimi nimepima watu miaka kumi na miwili, mabega hayadanganyi. Akaniuliza mabega yangu yanasemaje. Dharau!

Nimeamua: mimi ni jitu. Habimana akapita kuchukua suruali yake, nikampa habari. Yeye anataka kuwa jini mwenye akili, amechoka kubeba mawe. Nikakataa. Mtu mwenye kifua kile! Akaniuliza kwa upole mbona basi mimi niwe jitu. Nikamwambia suruali haijawa tayari.

Alhamisi, 5 Septemba

Kazi kubwa leo. Kila shujaa lazima awe na kadi, asije mtu akajibadilishia kabila katikati ya vita. Nikatafuta mfano. Upo mfukoni mwangu! Nikaiga kitambulisho changu sawasawa: ukubwa uleule, jina juu, mahali pa kuzaliwa, kisha mstari wa kabila. Majina yote manne yameandikwa, na yasiyo yako yanapigwa mstari, kama kwenye cha serikali. Nimetumia maboksi ya mashati. Kazi safi kabisa.

Nilimwomba Spès anipigie chapa. Sikumwonyesha, nilimwambia ni kadi tu. Akasema utepe wa mashine umekwisha, na vidole vyake navyo vimekwisha, wiki nzima ni fomu tu. Basi nikaandika kwa mkono. Yeye nimempa kabila la kibwengo. Atafurahi, wepesi mbili si mchezo.

Ijumaa, 6 Septemba

Nilipeleka mapazia Ndera, nje ya mji. Njiani kizuizi cha askari, kama kawaida tangu vita vianze, abiria wote chini, vitambulisho mkononi. Nikatoa changu. Askari akasoma. Akasoma tena. Akaniuliza: "Wewe iko jitu?"

Nilikuwa nimempa kadi ya mchezo! Imeandikwa jina langu, Maneno, amezaliwa Pango la Tatu, kabila Jitu, mengine yote yamepigwa mstari. Akawaita wenzake. Wakacheka, wakaniambia kama ni jitu niinue gogo la kizuizi. Nikajaribu. Mgongo ukalia. Wakacheka zaidi, na abiria nao.

Kisha akadai ya kweli. Nikampa. Akasoma mstari uleule wa kabila, akaniangalia pua kuona kama vinalingana, akasoma tena. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mbele yangu alikuwa ameshika chake kwa mikono miwili. Jasho likanitoka, sijui kwa nini, nilikuwa sijafanya kosa lolote. Akanirudishia, nikapanda gari.

Lakini jambo kubwa ni hili: serikali yenyewe imeisoma kadi yangu mara mbili! Mwalimu atasema nini?

Jumapili, 8 Septemba

Nimeharibu. Sijui wapi.

Niligawa kadi kabla Évode hajafungua kitabu. Habimana akaipokea, akaitazama, akaitazama yangu, akainama kufunga kamba ya kiatu. Évode akasema, Fundi, ondoa hizi. Nikadhani ni wivu. Nikaanza kueleza nyongeza ya kila kabila kwa sauti ya kutosha.

Spès akaiweka yake mezani, maandishi chini. Akasema Jumatatu hadi Ijumaa watu wanasimama mbele yake, naye anapiga mstari juu ya neno hili na lile kwenye vitambulisho vyao. Wengine wanamwomba apige kwingine. Wengine wanalia. Akasema Jumapili anakuja hapa kuiba dhahabu ya zimwi, na alasiri nzima hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Akachukua mkoba wake, akaondoka. Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Évode akafunga sanduku. Alisema bila Spès yeye hafungui.

Nimekikalia kiti chake mpaka Magharibi. Nimeumia. Bila Jumapili, mimi ni mtu wa kushona mapindo tu.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemngoja nje ya ofisi saa ya chakula. Nikamwambia Dada Spès, nisamehe, mimi ni mjinga. Akakubali upesi mno kwamba mimi ni mjinga. Atarudi kwa sharti moja: kadi zote motoni, yeye akiona.

Tukaja dukani. Nikafungua pasi ya mkaa, nikaziingiza moja moja. Yangu ya mwisho. Nilisita kidogo, mwandiko ulikuwa mzuri. Akanitazama. Nikaitia.

Akacheka! Kile kicheko. Akasema Jumapili atakuja. Hata Évode akituma mbuzi watatu, nitakufa kwa furaha.

Jumatano, 11 Septemba

Nimefikiri siku mbili, nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi. Kabila! Neno lenyewe linaudhi watu. Sitalitumia tena maishani.

Badala yake: mtaa wa kuzaliwa. Safi, haumgusi mtu yeyote. Aliyezaliwa Nyamirambo anaongezewa nguvu mbili, akili mbili na wepesi mbili. Aliyezaliwa ng'ambo ya bonde, kama walimu fulani wa hesabu, anapunguziwa moja. Nimeshakata kadi mpya, na mitaa yote nimeiorodhesha. Isiyo yako inapigwa mstari.

Sioni wa kulalamika. Alipozaliwa mtu hakupachagua mwenyewe.