Mguu Usiouma

Jumapili, 30 Juni

Nimeamka na lengelenge. Mguu wa kulia, karibu na kidole gumba, kubwa kama zabibu, limejaa maji safi. Jana halikuwepo! Sikuungua. Sikutembea. Sikuvaa kiatu. Nililala tu, tena mapema, kama mtoto mwenye adabu. Haliumi hata kidogo.

Surekha, mkwe wangu, aliliona kabla sijavuta shuka. Akauliza kama nimekanyaga kaa la moto. Nikasema ni mbu. Akasema mbu wa namna hiyo angetangazwa redioni. Akanipakia kwenye bajaji hadi kwa Daktari Nimbalkar, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, aliyeniongelesha kama mimi ndiye kitinda mimba wake. Ni sukari, akasema. Ikikaa juu muda mrefu, ngozi inaweza kutoa malengelenge yenyewe, hasa miguuni. Nisilitumbue. Nilifunike kwa kitambaa safi, nitulie, nipunguze sukari, litakauka. Na haliumi kwa sababu mguu wenyewe umepoteza hisia, na hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Mimi nilishika neno moja tu: haliumi. Habari njema hiyo!

Habari mbaya: Shevanta anapita hapa Saswad keshokutwa.

Mke wangu ametoka Alandi jana na kundi letu. Wanakwenda Pandharpur kwa miguu kumwona mungu wetu Vithoba, kama kila mwaka mvua zinapoanza. Tangu tuoane tumekwenda pamoja, yeye mbele na chungu cha mrihani kichwani, mimi nyuma yake na matoazi. Mwaka juzi kidole changu kidogo cha mguu wa kushoto kilikwenda hospitali na hakikurudi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa nyumbani. Lakini safari hii ameniahidi. Akipita hapa akakuta miguu yangu safi, nitapanda basi hadi Wakhri, na kile kipande cha mwisho tutatembea pamoja. Akikuta hata mkwaruzo, nitamwona Vithoba kwenye televisheni.

Na mtakatifu wetu, aliyekufa zamani lakini ndiye anayeongoza msafara mzima, mbona hatembei? Kwenye machela yake ya fedha zimo ndara zake tu. Hakuna anayemkagua yeye.

Jumatatu, 1 Julai

Mpango wa kwanza: kushusha sukari kwa siku moja. Asubuhi juisi ya karela, lile tango chungu. Mchana karela. Jioni karela. Nimeshinda chooni. Lengelenge limenona, na limepata mwenzake mdogo pembeni.

Mpango wa pili: kupaka manjano mguu mzima ili lisionekane. Surekha akauliza harusi ni lini, na kama bibi harusi ameshaambiwa kwamba bwana harusi ana vidole tisa. Akaniosha huku anatishia kumpigia simu mumewe, mwanangu Anil, kazini Pune. Huyu msichana anaficha sukari guru ndani ya debe la mchele akidhani sijui. Najua.

Nimefungua sanduku la nguo za Shevanta kutafuta harufu ya mafuta yake ya nywele. Imo kwenye sari ya kijani, kidogo, upande wa bega. Nina hamu naye, jamani. Kitanda kimekuwa uwanja wa kriketi. Hata kufokewa nafokewa na mtu asiye na uzoefu.

Nikiwa nimelala juu ya ile sari, wazo likaja. Wazo kubwa! Lengelenge la sukari ni aibu, lakini lengelenge la njiani ni heshima. Kesho mji mzima utakaa barabarani na mabeseni ya maji ya vuguvugu, kuwaosha mahujaji miguu, kuikanda, kuwalisha. Mwenye lengelenge haulizwi kitu. Basi Shevanta akinikuta pale, nitasema nimetembea hadi mlima wa Dive kumlaki. Mke gani atamkatalia mume lengelenge la mapenzi?

Kutembea kwenyewe sitatembea. Mimi si mjinga.

Jumanne, 2 Julai

Asubuhi nilimwambia Surekha naenda kunyoa. Bajaji hadi mwanzo wa mji. Vumbi miguuni, vumbi kwenye kofia, kidogo kwenye nyusi. Nikaingia kwenye hema la wanaoosha miguu nikichechemea. Mguu wa kushoto kwanza, kisha nikakumbuka, nikahamia wa kulia.

Mapokezi gani yale! Kila mtu kwenye safari hii anaitwa Mauli, yaani mama, hata wanaume wenye masharubu, na leo Mauli nilikuwa mimi. Vijana watatu wakagombea mguu wangu. Mmoja akaliona lengelenge akaita wenzake. Jamani, tazameni Mauli alivyoteseka! Bibi mmoja akaigusa miguu yangu kwa paji la uso. Nikapewa ladu ya karanga na sukari guru. Nikakataa. Wakabembeleza. Nikala moja kwa heshima ya karanga, na ya pili kwa heshima ya bibi. Wakauliza nimetoka wapi. Nikasema mbali, mwanangu, mbali sana. Bajaji ilikuwa bado imeegeshwa nje.

Halafu ngoma zikakaribia na kundi letu likaingia. Wa kwanza kuniona, nani kama si Sopan Zende! Jirani yangu, ndiye anayepiga matoazi mahali pangu sasa, nyuma ya mke wangu, na mapigo yake hayajawahi kukutana na ngoma hata siku moja. Akapaza sauti hema zima lisikie: “Lo! Mauli Baban! Sisi toka Alandi hatukukuona. Ulipita chini kwa chini kama fuko?” Watu wakacheka. Nikamwambia wengine tunatembea kimyakimya, hatutangazi.

Shevanta hakucheka. Alitua chungu chake, akaketi kwenye benchi langu, akaweka miguu yake kwenye beseni. Alikuwa ameungua jua. Vumbi la kweli lilikuwa kwenye nyusi zake. Alikuwa na lengelenge lake kwenye kisigino, na maji yalipoligusa alikunja uso mzima. Hapo ndipo nilipaswa kuona maumivu ya kweli yalivyo, lakini nilikuwa namtazama tu.

Akasema, “Baba Anil, umetembea?”

Nikasema hadi mlimani, kwa ajili yako.

Akauliza kama linauma. Nikasema kama moto, mama, kama moto! Akauchukua mguu wangu akauweka mapajani mwake, mbele ya watu wote. Akasema anabonyeza, nimwambie linapouma. Nikapiga kelele. Ai! Ai! Taratibu!

Akasema, “Sijagusa bado.”

Basi nikangoja. Akauliza, na sasa? Nikasema endelea tu, niko tayari. Nikatazama chini. Kidole gumba chake kilikuwa kimezama kwenye unyayo wangu, kucha imekuwa nyeupe kwa kubonyeza. Sijui kilikuwa pale tangu lini.

Nilingoja matusi. Hayakuja. Aliuinamia ule mguu akalia, akijifuta kwa pindo la sari. Watu wakadhani ni uchaji, wakaanza kumgusa miguu naye. Sopan akapiga matoazi. Nje ya mapigo.

Jumatano, 3 Julai

Msafara umepumzika hapa leo, na Shevanta amelala nyumbani. Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu! Amepika mkate wa mtama na dengu. Amenifokea kuhusu ladu, kuhusu bajaji, kuhusu manjano (Surekha hana siri). Nilikuwa nimeisahau raha ya kufokewa na mtu anayejua kazi yake.

Ameyafunika malengelenge yangu kwa kitambaa safi, taratibu, kama anafunika maziwa. Mimi nimempaka mafuta kisigino chake. Akasema kila akifunga macho njiani anahesabu watu wa safu yetu na mmoja anapungua. Nikasema basi nichukue. Akasema ule mguu ukikatwa, yeye atarudi nyumbani kwa nani? Nikasema kwa Surekha. Akanipiga kofi la bega, akacheka, akalia tena kidogo.

Kisha akanishikisha chungu cha mrihani, akaniapisha: miguu yangu haitakanyaga njia ya Pandharpur. Nikaapa. Wakhri imekufa.

Alhamisi, 4 Julai

Wameondoka alfajiri. Nilisimama langoni hadi chungu chake kikawa doa kati ya madoa. Surekha akasema, “Ingia ndani, Baba, mvua.” Haikuwa inanyesha sana.

Jumanne, 9 Julai

Nimeshinda mbele ya televisheni kumtafuta. Wanaonyesha watu laki na laki, na kati ya wote hao nimeona nini? Upara wa Sopan. Nimeutambua mara moja.

Jioni Shevanta akapiga kwa simu ya huyohuyo Sopan. Akaulizia malengelenge. Nikasema yamekauka. Kweli yamekauka! Ngozi imesinyaa, chini yake pana rangi ya waridi. Daktari Nimbalkar mwenyewe amesema nimetulia vizuri, niendelee hivihivi. Shevanta akasema usiku mvua inavuja kwenye hema, na anamsikia kila mtu anavyokoroma isipokuwa yule aliyemzoea. Simu ikakatika. Sopan huwa haweki salio, bahili mkubwa.

Nimekaa nikafikiria kiapo. Nimekigeuza huku na huku. Niliapa miguu yangu haitakanyaga njia. Nikivaa viatu, je? Kinachokanyaga njia ni kiatu! Mguu upo ndani, umekaa, umetulia, kama daktari alivyoagiza. Kama ndara za mtakatifu, ila kinyume chake.

Viatu vya harusi vya Anil vipo juu ya kabati. Ngozi halisi. Vinabana, nadhani. Sina hakika, sisikii kitu.

Jumapili, 14 Julai

Nimemwambia Surekha kwamba Anil ananiita Pune kupima damu. Nimemwambia Anil kwamba nina usingizi sana siku hizi, asipige simu hadi katikati ya wiki. Kila mmoja ameambiwa asimsumbue mwenzake. Nimejipongeza. Kesho basi la asubuhi.

Jumatano, 17 Julai, Pandharpur

Nimefika! Naandika barazani kwa watu, mguu umefungwa kwa kilemba cha mtu nisiyemjua.

Jana pale Wakhri nililikuta kundi letu nikajificha nyuma ya bwana mmoja mnene mwenye bendera. Shevanta alikuwa mbele yangu, karibu kiasi cha kuona mshono wa blauzi yake. Mrihani ulikuwa umechanua kichwani kwake. Nilitembea nikimtazama kisogo. Matoazi ya Sopan yalikuwa yananitia wazimu, mara mbili nilitaka kumnyang'anya. Nilikuwa na furaha.

Katikati ya njia mama mmoja nyuma yangu akasema, “Mauli, kiatu chako kinalia.” Nikasikiliza. Kweli kililia, kama tambara bichi. Nikakivua. Damu imejaa hadi kwenye kamba, na ngozi ya kisigino imebaki ndani. Mama akafunika mdomo. Nikamwambia asijali, hakiniumi. Nikakivaa tena. Kisichouma hakijatokea.

Tukafika mtoni. Shevanta akaingia majini hadi magotini, nami nikasimama nyuma ya bendera, hatua chache tu. Akachota maji kwa viganja, akamwaga kwa ajili yake mwenyewe. Akachota ya Anil, akachota ya Surekha. Halafu akachota tena, akakaa nayo muda mrefu.

Wanawake wa kwetu hawataji jina la mume. Toka harusi mimi ni “we”, ni “sikia”, kisha Baba Anil. Sijawahi kusikia jina langu kinywani mwake.

Akasema, “Na haya ya Baban.” Akayaachia.

Kila kitu ndani yangu kilitaka kuita: nipo! Nipo hapa, mama! Lakini angegeuka. Angekiona kiatu. Basi nilisimama kimya nyuma ya bendera ya mtu mwingine nikilia, na jina langu likaenda na mto.

Leo mguu umevimba na una rangi ambayo sitaiandika. Wenye nyumba wanasema niende hospitali sasa hivi. Haiwezekani. Basi linaondoka mchana, na lazima Shevanta anikute kitandani, nimenawa, natazama televisheni. Surekha nitamwambia nimejikwaa kwenye ngazi za maabara.

Mwakani sijifichi nyuma ya mtu. Nitatembea kando yake toka Alandi, waziwazi, anitaje jina nikiwa naitika. Mguu una mwaka mzima wa kupona, na mimi nina mwaka mzima wa kutunga uongo ulio bora zaidi.