Uzinduzi wa Jua la Katonga

Kwa niaba ya Kamati ya Kuendeleza Joto la Jua, ambayo mimi ni Katibu wake, nina furaha kuutangazia umma kwamba jua la Katonga, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, limezinduliwa rasmi. Kabla ya hapo lilikuwa likiwaka kiholela.

Upembuzi yakinifu tuliufanyia hotelini, penye kiyoyozi, maana nje kulikuwa na joto lisiloruhusu mtu kupima joto. Tuligundua kwamba kina mama wa mwaloni wamekuwa wakianika dagaa juani tangu enzi za bibi zao bila sera, bila dira, bila hata warsha moja. Jua lilikuwa linawakaushia tu. Hali hiyo haikuvumilika.

Tukaleta mtambo: kikaushio cha kisasa, sanduku refu la vioo linalonasa joto la jua. Tukatoa na tangazo kwamba siku ya uzinduzi ni marufuku kuanika kwenye chanja wala kwenye mchanga. Jua lote la siku hiyo lilitengwa kwa shughuli ya kitaifa.

Kina mama wengi walisikia tangazo, wakaacha kununua dagaa. Mwenzao Leonia alikuwa ameshanunua. Asubuhi ya uzinduzi akaja na mabeseni yake mpaka hemani nilipokuwa nikinyoosha vitambaa vya meza kuu.

"Mwakeye, Katibu," akanisalimu kwa Kiha. "Naanika wapi?"

"Mama, una bahati. Dagaa wako wameteuliwa kuingia kwenye mtambo."

Leonia akautazama mtambo, uliokaa mbele ya meza kuu umepambwa utepe. Akalitazama turubai juu yake.

"Huu si wa jua?"

"Wa jua."

"Sasa mbona mmeulaza kivulini kama mgonjwa?"

Nikamwelimisha. Kwa mujibu wa itifaki, mgeni rasmi hakai juani. Kwa mujibu wa itifaki hiyohiyo, kinachozinduliwa hakikai mbali na mgeni rasmi. Aliyekaa mahali pasipofaa ni jua.

"Katibu, mbalamwezi inaingia, dagaa hawatafuata taa za wavuvi. Kuanzia leo mitumbwi haitoki mpaka giza lirudi. Kila nilichonacho kimo kwenye mabeseni haya, na lori la Kasulu linaondoka jioni. Hawa wakioza, wanangu watatafuna sera?"

"Sera yetu ni shirikishi, mama."

Dagaa wakaingia sandukuni. Leonia akaketi kando, akifukuza nzi kwa khanga na kutaja jina langu mara kwa mara, si kwa kuniombea.

Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi, akafika adhuhuri, ishara kwamba ana majukumu mazito. Tukawasha jenereta la dizeli ili feni zimpepee wakati akisifu nishati ya jua. Kufikia hapo dagaa walikuwa wameanza kulegea, na harufu yao ilishapanda meza kuu bila mwaliko.

"Ndugu zangu," mgeni rasmi akakatiza hotuba, leso puani, "hii ni nini?"

"Dagaa, Mheshimiwa," alisema Leonia. "Wanasubiri jua liwafikie. Limekingwa."

Mgeni rasmi hakuelewa, lakini kiongozi mzoefu hangoji kuelewa ndipo aagize. Aliona kamera zimemgeukia. Akapiga meza.

"Kumbe kuna watu wanahujumu jua! Naagiza, kuanzia dakika hii, chochote kinachoukinga mtambo huu kiondolewe. Bila kuoneana haya! Hata kikiwa cha kigogo!"

Tulipiga makofi. Mimi niliendelea wengine walipochoka.

"Castory!" Leonia akamwita mgambo wa mwalo, kijana ambaye hajawahi kupuuza agizo wala kulifikiria. "Umemsikia mkubwa?"

"Nimemsikia, mama."

Castory akafungua kamba ya kwanza ya hema.

"Wewe! Unafanya nini?" nikamfokea.

"Natekeleza, Katibu."

Kina mama wakazidaka kamba zilizobaki. Turubai likashuka, na jua la Kigoma likaingia meza kuu bila kupita mapokezi.

"Rudisheni hema!" mgeni rasmi akapiga kelele.

"Nitengue agizo la nani, Mheshimiwa?" Castory aliuliza kwa heshima zote.

Kamera zilikuwa bado zinatazama. Mgeni rasmi akasema kazi iendelee.

"Na wale ambao sanduku haliwatoshi?" Leonia akauliza. "Niwatandaze kwenye chanja?"

"Tandaza, mama, tandaza popote!"

Akatandaza popote. Wenzake wakamsaidia, wakicheka wazi. Punde mgeni rasmi alikuwa amezungukwa na dagaa, hotuba mkononi, shati limemganda mgongoni.

"Mheshimiwa, kivuli," Castory akasema.

"Kivuli gani?"

"Chako. Kimewaangukia dagaa."

Mgeni rasmi akasogea. Kivuli kikahamia chanja ya pili.

"Mheshimiwa, kivuli."

Akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka viatu vikaingia ziwani. Pale kivuli chake hakikuangukia dagaa. Kurasa zilikuwa bado nyingi, nasi wanakamati, kwa kuzingatia itifaki, tukavua soksi tukajipanga nyuma yake majini. Alisoma kuhusu fursa zisizo na kikomo za joto la jua, kipara chake kikizithibitisha.

Jioni lori lilipiga honi. Dagaa walikuwa wakichakacha mkononi, na Leonia alishapakia karibu wote. Maji yalikuwa yametufika magotini, hotuba haijafika hitimisho.

"Katibu!" aliniita kutoka ufukweni. "Mkimaliza, mzungukie kule na vivuli vyenu. Chanja moja bado haijakauka."