Ombi la Kumfelisha Binti Yangu Aliyefaulu kwa Makosa

Jirani na Tinde,
Shinyanga Vijijini.

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: MTIHANI KUMFAULISHA MTOTO WANGU BILA IDHINI YANGU

Shikamoo, ingawa huenda nakuzidi umri. Cheo nacho kina heshima yake. Mimi ni Masele, Baba Zipora, mfugaji. Binti yangu amefaulu darasa la saba na kupangiwa sekondari ya bweni huko Geita. Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba mtengue matokeo hayo.

1. Kabla ya mtihani, wazazi wa hapa tulikaa kikao tukakubaliana watoto wetu wafeli. Nisikufiche, wengi ndivyo tufanyavyo: mtoto akifeli anabaki nyumbani, ng'ombe wanapata mchungaji. Nilimwagiza Zipora ajaze ovyo ovyo tu vile viduara vya majibu. Aliitikia kwa adabu, akapiga na magoti. Sasa mtoto mtiifu namna hii anafauluje? Kosa ni la mtihani.

2. Nimeambiwa kila swali linakuja na majibu yake yameshaandikwa. Jamani! Mnamwekea mtoto jibu la kweli mbele ya macho halafu mnategemea asiliguse? Mngekuwa na nia njema mngeweka ya uongo tu, anayetaka kufaulu aje na la kwake kutoka nyumbani.

3. Benjamini, kijana wa jirani yangu Jilala ambaye hakufika kikaoni, hakuagizwa kufeli. Alisoma masomo ya ziada mpaka akakonda, na amefeli. Mizani ya pamba ingepima hivi tungeshaivunja kwa mawe. Tuko tayari kubadilishana: yeye achukue ufaulu, wangu achukue kufeli. Jilala ameshakubali, ni nyinyi tu.

4. Mama Zipora alipiga vigelegele kabla hajaniuliza kama habari ni nzuri au mbaya. Tangu hapo kijiji kizima kinanipa hongera, nami inabidi nitabasamu. Mashavu yananiuma. Isitoshe, tuna ng'ombe mweupe asiyekubali kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa Zipora. Mtoto akienda bweni, ng'ombe naye atataka kumfuata. Je, mmemtengea kitanda?

5. Ikishindikana kabisa, acheni kupima watoto, mtupime wazazi. Mimi naahidi kufeli masomo yote bila kuagizwa na mtu.

Nisalimie walimu, wasimamizi, hata yule askari aliyelinda makaratasi. Huku kwetu wote mhola, yaani salama, isipokuwa mimi.

Ni mimi niliyepatwa na ufaulu,
Masele, Baba Zipora.

Nyongeza: Barua hii ameiandika Zipora mwenyewe, maana mkono wangu umezoea fimbo, kalamu hauiwezi. Mimi nilisema, yeye akaandika. Sasa hivi amenisomea yote tangu shikamoo, na hajaruka wala kulainisha hata neno moja la kumnyima shule. Mahali fulani alipangusa tone lililodondokea karatasi, akaendelea. Nilitoka nje nikajifanya naangalia zizi. Ndugu Afisa, nimeelewa kwamba siku ya mtihani hakunitii, na nimejaribu kukasirika nimeshindwa. Usitengue chochote. Nijulishe tu tranka la kwenda bweni linatakiwa la ukubwa gani. Kesho naamkia Tinde kulinunua.