Ombi la Kuhesabiwa Walioninukuu kwa Mdomo

Idara ya Saikolojia,
Chumba nambari 14, nyuma ya jiko la wanafunzi,
Nyeri.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa Profesa Ngatia,
Mwenyekiti, Kamati ya Kupandisha Vyeo.

Mheshimiwa Profesa,

KUH: UPUNGUFU WA MANUKUU TISA

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na afya njema na ukiwa umeketi, kwa maana ni ndefu.

Kamati yako iliniandikia mwezi uliopita kwamba siwezi kuwa Mhadhiri Mwandamizi kwa sababu watafiti wenzangu wamenitaja katika maandishi yao mara kumi na moja tu, na kanuni inataka mara ishirini. Mliongeza kwamba hili ni ombi langu la nne, na kwamba nisipofikisha idadi hiyo kabla ya mwisho wa mwezi huu, jina langu litatolewa kwenye orodha moja kwa moja. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi. Nadhani hakuna maandishi yangu hata moja yaliyowahi kusomwa na mtu kwa bidii kama hiyo, hata na mimi.

Sibishani na hesabu yenu. Kati ya hayo manukuu kumi na moja, saba ni yangu mwenyewe, nikijinukuu. Mawili ni ya mwanafunzi wangu Mutanu, ambaye wakati huo alikuwa anahitaji sahihi yangu. Moja ni la bwana mmoja wa Norway aliyeniweka katika orodha ya makala ambazo alizitafuta akazikosa. La mwisho linatoka katika utafiti kuhusu minyoo ya mbuzi, na ukweli ni kwamba Munyao anayetajwa humo ni mwingine. Sikumwambia mtu.

Malalamiko yangu ni kwamba Kamati inawahesabu wanaoandika tu, na huku kwetu mlimani watu hawaandiki, wanasema. Makala yangu kuu, ile niliyoinukuu mara saba, inaitwa "Kunyamaza na Kupona". Nilihoji wafiwa mia mbili na kumi na wawili, kuanzia Murang'a hadi Nanyuki, nikagundua kwamba mfiwa anayenyamaza kuhusu marehemu wake hupona haraka kuliko yule anayemzungumzia. Ugunduzi huo unatumika kila mahali na mimi sipati hata nusu nukuu. Niruhusu nieleze kwa nambari.

1. Mchungaji Moffat wa kanisa letu la Kiganjo alihubiri mwaka jana kwamba "watafiti wamesema mwenye kunyamaza anapona haraka." Ati watafiti! Nilikuwa benchi la tatu, nimevaa tai. Nilikohoa. Akanitazama, akarudia, "Ndio, watafiti," akaendelea na mahubiri. Baada ya ibada hiyo kile kikundi cha wajane kilichokuwa kikikutana kila Alhamisi kunywa chai na kuongea habari za waume zao kilivunjwa, kwa sababu ilionekana hakina haja tena. Nauliza kwa heshima: ni nani kwenye Kamati yenu ambaye makala yake imewahi kuvunja kikundi?

2. Oktoba iliyopita baba mkwe wangu, Mzee Kinyua wa Othaya, alifariki. Kwa vile mimi ndiye mkwe niliyesoma zaidi, ingawa ni mtu wa kuja kutoka Machakos, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu katika kijitabu cha mazishi. Profesa, wewe ni mtu wa huku, unajua. Jarida langu husomwa na wahakiki wawili wasiojulikana, ambao nina wasiwasi kwamba hawapo. Kijitabu cha mazishi kinahakikiwa na wazee watano wa ukoo wanaojua nani anatangulia nani, na ukimruka mjukuu mmoja utaitwa kikao. Kinachapishwa kwa rangi. Kinasomwa na kila mtu, hata yule aliyefuata pilau tu, na jua likizidi kinavaliwa kichwani. Chetu kilikuwa na nakala mia sita.

Basi niliona nafasi. Ukurasa wa tatu niliwashauri wafiwa wanyamaze ili wapone, nikaweka marejeo matatu, yote yangu, kama taaluma inavyotaka. Sikufikiria kwamba Ngugi, shemeji yangu, angesoma kwa sauti kubwa, kando ya kaburi, kila kitu kilichoandikwa, pamoja na "Munyao, elfu mbili kumi na tisa", "Munyao, elfu mbili ishirini na moja", na kadhalika. Katika orodha ya watoto na wajukuu hakukuwa na Munyao. Dada mkubwa wa marehemu aliuliza watu wote wakisikia, "Haki, kwani Mzee alikuwa na watoto wengine? Ati huyu wa elfu mbili ishirini na moja mama yake ni nani?" Jamaa wawili waliondoka kabla ya chakula. Mke wangu Tabby hakusema nami kwa wiki mbili, jambo ambalo niliandika kwenye daftari langu kama ushahidi zaidi wa nadharia.

Nakala mia sita, Profesa. Naomba tano tu zihesabiwe.

3. Mama mkwe wangu anakihifadhi kijitabu hicho ndani ya Biblia. Aliishi na Mzee miaka hamsini na mmoja, na kabla ya mazishi alikuwa anamzungumzia hadi kwa ng'ombe. Tangu asome ukurasa wa tatu, hajalitaja jina lake. Miezi minane! Mgeni akianza tu kusema "marehemu Mzee", mama anainuka na kwenda kuangalia kama maharagwe yameiva. Ukimuuliza, anajibu, "Daktari wetu alisema tusiongee." Angalia hapo: amenitaja kwa cheo, kwa usahihi, tena bila kulazimishwa. Mutanu hajawahi kuninukuu vizuri namna hiyo. Mama ahesabiwe mara tatu.

4. Ninunuapo mbuzi, huwa nanunua kwa Mahat pale soko la mifugo la Nanyuki. Siku moja alipokuwa ananifungulia mdomo wa beberu nione meno, nilimweleza matokeo yangu kwa kifupi. Yule wa Norway alitafuta makala mwaka mzima akaikosa. Mahat aliipata kabla hatujafika kwenye bei. Kisha akaipeleka kwa dada yake Sahro, anayeuza mbuzi naye pale sokoni, ambaye mumewe Khadar alikufa kwenye ajali mwaka uliopita. Juzi Mahat alinipigia simu: "Daktari, kazi yako iko sawa. Dada yangu saa hii halii, haongei. Ametulia tu." Kwa hivyo utafiti wangu umevuka kaunti, dini na lugha. Nasikia kuna maprofesa ambao wao wamevuka korido.

5. Hili la tano naliandika kwa unyenyekevu. Wewe mwenyewe ulipofiwa na ndugu yako mwezi wa pili, nilikuja ofisini kwako na nakala ya makala hiyo. Nilikupa kwa mkono, nikasema pole, nikatoka, maana nilikuwa nachelewa kikao. Tangu siku hiyo sijakusikia ukimtaja ndugu yako hata mara moja. Ni wazi uliisoma na unaitumia. Lakini katika makala yako ya Aprili nimetafuta jina langu kwenye marejeo, kurasa zote nne, na sikuliona. Niliumia, sitaficha.

Ukijumlisha Mchungaji, vijitabu vitano, mama mkwe mara tatu, Mahat, Sahro na wewe, utapata manukuu kumi na mawili. Mimi sina tamaa. Naomba tisa tu, yale matatu wapewe vijana wanaoanza.

Nisalimie wanakamati wote, hata yule aliyecheka kwenye mahojiano yangu ya pili. Salamu kwa Mama watoto, kwa katibu wako ambaye hupokea barua zangu bila kuguna, na kwa askari wa getini, mtu pekee katika chuo hiki anayeniita Profesa.

Ni mimi wako mtiifu, ninayesubiri,

Dkt. Chris Munyao

NYONGEZA, kwa kalamu, Jumatano. Nilikuja leo kuichukua barua hii niipasue, lakini katibu ameshaigonga muhuri wa kupokelewa, na hapa kwetu kilichogongwa muhuri hakirudi kwa mwenyewe. Ameniruhusu niongeze maneno chini, naye akiwa amesimama hapa.

Jana saa nne asubuhi Sahro alikuja chumba nambari 14 kutoka Nanyuki. Alikuwa na makala yangu. Binti yake Rowda ndiye aliyeitafuta kwenye mtandao akaichapisha, na mama mtu alikuwa ameisoma yote, amepiga mistari kwa kalamu nyekundu. Profesa, nimengoja msomaji miaka sita. Nilimpa kiti changu.

Akasema, "Daktari, ukurasa wa nne umesema tano ni uchungu mingi, moja ni uchungu kidogo. Sasa hapa ukurasa wa tisa, wenye walinyamaza wako na nne. Wenye waliongea wako na mbili. Halafu mwisho unasema tunyamaze. Mimi nifuate gani?"

Nilimwomba karatasi yake kwa sababu yangu sikuwa nayo. Ukurasa wa nne unasema hivyo. Ukurasa wa tisa unasema hivyo. Mutanu ndiye aliyepanga zile alama, na mimi nilipokaa kuandika hitimisho nilikuwa nimetoka kusahihisha mitihani, ambako namba kubwa ndiyo nzuri. Wahakiki wawili hawakuona. Mhariri hakuona. Mimi nilijinukuu mara saba na sikuona, maana nilikuwa nanukuu mstari wa mwisho tu. Ameona mama anayeuza mbuzi.

Nilimwambia afuate ukurasa wa tisa. Akaanza kunieleza habari za Khadar: jinsi alivyokuwa anasahau viatu kwa watu, jinsi alivyokuwa hawezi kuchinja bila kugeuka upande. Alizungumza hadi saa saba. Alilia, akacheka, akalia tena, na mimi sikuandika chochote.

Kwa hivyo naomba Kamati ifute ombi langu. Nilikuwa nataka muwatafute wote waliotumia kazi yangu. Sasa naomba Mungu wawe wachache, na hao wachache ninawatafuta mwenyewe. Moffat nimeshamwendea. Amekubali kuwarudisha wajane wa Alhamisi, ila amesema atatangaza kwamba watafiti wamebadilisha mawazo, na nimemwomba safari hii ataje jina langu. Wewe nawe, Profesa, nakuomba msamaha. Nilikupa karatasi mahali ambapo ningekupa nusu saa. Niko kule kule nyuma ya jiko, siku yoyote.

Jana jioni nilimpigia mama mkwe simu Othaya. Nilimweleza yote: alama, kurasa, kosa langu, na kwamba ukurasa wa tatu wa kijitabu chetu ni uongo nilioutia sahihi. Kisha akaniuliza, polepole, "Kwa hivyo saa hii nimeruhusiwa?"