Uzinduzi wa Kidonge chenye Kamera

Wananchi wa Bariadi mnatangaziwa kwamba wilaya yetu imeingia rasmi katika zama za kutazama utumbo mwembamba. Mimi, Fabian Mboje, Katibu wa Kamati ya Mafanikio ya Kidonge, natoa taarifa hii ili kuzima uvumi wa vilabuni.

Soko huria limetuletea mitumba, soda za kopo na sasa, kwa hisani ya wafadhili, kidonge kimoja chenye kamera. Mgonjwa anakimeza, kinapiga picha huko ndani, televisheni inaonyesha. Kililetwa kwa ajili ya Milembe, mkulima wa pamba wa kijiji cha Migato, aliyekuwa akipoteza damu tumboni bila daktari yeyote kuona inapotokea.

Daktari Nkinda alitaja masharti ya mafanikio: tumbo liwe tupu, mgonjwa anywe dawa ya kuharisha, betri isipotezwe bure. Kamati ilimshukuru, kisha ikapitisha masharti ya kweli: maturubai, kwaya, jenereta na mgeni rasmi.

Hapa kwetu mgeni rasmi huanza. Kisima kikichimbwa, anakunywa yeye kwanza. Trekta likiletwa, analipanda yeye kwanza. Kwa hiyo Mheshimiwa Kasmiri, mwenyekiti wetu, angemeza kwanza.

"Kidonge ni kimoja," daktari alisema.

"Ndiyo maana hatuwezi kukivunjia itifaki."

"Basi asile."

"Daktari, umelogwa? Mgeni rasmi azindue na njaa, Wasukuma tutaitwaje?"

Milembe, aliyekuwa amekunywa dawa na kuhara usiku kucha, aliketishwa mstari wa mbele kama mfano bora wa maandalizi.

Mheshimiwa alikula vizuri. Kwaya ilipomaliza akameza, akashushia soda. Televisheni ikawaka. Tuliona utumbo? Tuliona nyama. Nyama, michembe ya viazi vitamu, nyama tena.

"Ng'ombe wa nani huyo?" aliuliza Mahona, mfugaji wa Migato.

Ifahamike kwamba Migato walikuwa wamechanga dume kwa chakula cha wagonjwa, na kamati ilikuwa imetangaza kwa masikitiko kwamba limefia njiani.

"Ni ng'ombe wa itifaki," nilifafanua.

"Itifaki ina nundu? Mafuta yale ya njano nayajua, dume letu hilo! Kumbe njia liliyofia ni koo lako, Mheshimiwa!"

Kwaya iliombwa kurudia wimbo. Nyama iliendelea kuonekana mpaka betri ikafa.

Kidonge hakikutoka. Choo cha Mheshimiwa kiliwekewa mlinzi, bila mafanikio. Mwishowe daktari akaamua apelekwe Mwanza akapasuliwe. Watu wa Migato wakalizingira gari: haliondoki bila Milembe, ambaye daktari alikuwa amemwombea kidonge kingine hukohuko. Kamati ikaridhia kwa kauli moja, hasa baada ya kuona fimbo.

Njiani, Lamadi, tulisimama. Samaki wa kukaanga wakaletwa dirishani, wa moto, wananukia. Mheshimiwa akanyoosha mkono.

"Rudisha mkono, baba," alisema Milembe.

"Mayu, mama yangu, nina njaa!"

"Hata mimi. Daktari kasema sote tufike na tumbo tupu. Na mgeni rasmi huanza."

Itifaki ilikuwa imefuatwa. Nikamwambia dereva aondoe gari.