Uzi Mwekundu wa Mama Solange

Leo nimejiaibisha mbele ya ndege nzima, rubani akiwemo.

Nawaandikia nikiwa ndani ya gari, tunarudi mjini, kola ya shati iko wazi mpaka kifuani (mtajua kwa nini). Someni mpaka mwisho ndipo mcheke. Au msicheke kabisa, itakuwa vizuri zaidi.

Kwa wageni wa kundi hili: mimi ni Shaban, fundi cherehani, mtu wa Tanga. Kibanda changu kiko Rosettenville, jirani na yule Mreno muuza mikate. Nashona sare za shule, mapazia, suruali za harusi. Lakini wiki ya saba sasa, Jumamosi na Jumapili hamnikuti kibandani. Niko nje ya mji, kwenye uwanja mdogo wa ndege, najifunza kufungasha maparachuti ya watu wanaoruka kutoka angani kwa kupenda wenyewe. Hakuna anayewasukuma. Nimechunguza.

Aliyenipeleka huko ni Mama Solange. Mkongomani wa Lubumbashi, mlokole, mama mzima wa miaka hamsini na kitu. Alikuja kwangu na ovaroli ya kurukia iliyochanika gotini, akakaa kwenye benchi, akanitazama nikiishona. Nilipomaliza akaipindua, akakagua mshono upande wa ndani. Wa nje hata hakuuangalia. Kisha akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi. Mteja anayekagua upande wa ndani sijapata mwingine tangu nije Joburg, na nilimpenda siku hiyo hiyo (kwa heshima tu, mke wangu yumo kwenye kundi hili).

Huyu mama alianza pale uwanjani kwa kufagia banda na kupika supu. Akawa anawaangalia wafungashaji, akajifunza, akaruka, akasoma, akafanya mitihani ya Kiingereza wakati Kiingereza chenyewe alikuwa anakiokota njiani. Leo ni yeye peke yake pale mwenye cheti cha kufunga mwavuli wa akiba. Mkoba wa mrukaji, kwa taarifa yenu, una miavuli miwili. Chini umekaa mkuu, unaotumika kila siku. Juu umekaa wa akiba, unaosubiri siku ambayo mkuu umegoma. Wa chini unaweza kufungashwa na mwanafunzi kama mimi akiangaliwa. Wa juu ni wa Mama Solange.

Siku ya kwanza kabisa alinipa sheria mbili. Wa juu siugusi. Na mkasi haupandi kwenye zulia la kufungashia, maana kile kitambaa ni chembamba na tundu dogo tu ni balaa. Nikaitikia. Nimeitikia wiki saba mfululizo, mwanafunzi bora.

Leo ulikuwa mtihani. Natakiwa kufungasha miavuli mikuu mitatu bila kuelekezwa, ili nipate kibali cha kufanya kazi peke yangu. Miwili ya kwanza Mama Solange anaifumua na kuikagua mkunjo kwa mkunjo. Wa tatu haufumui. Huo ni wa mkoba wake mwenyewe. Anauvaa, anapanda ndege, anaruka nao. Ndivyo anavyofanya kwa kila mwanafunzi. Mtu aliyejifungia mgongoni kazi ya mkono wa mwanafunzi na kuruka nayo, huwezi kusema hamwamini. Nilikitaka kile kibali mpaka usingizi ukanipaa, na zaidi ya kibali nilitaka yule mama aridhike na mimi.

Sasa sikilizeni asubuhi ilivyoanza. Umeme Rosettenville ulikuwa umekatwa kwa zamu. Nilikuwa na suruali ya bwana harusi, lazima itoke kabla sijaondoka. Nikakaa dirishani, nikakunja pindo kwa mkono, na shingoni nimening'iniza kimkasi changu cha kukatia nyuzi kwa utepe, kama kawaida yangu. Aliyenifundisha ushonaji kule Tanga alikuwa na rula ya mninga. Nguo ikitoka dukani na uzi unaning'inia, rula inatua vidoleni. Miaka ishirini na mbili nguo yangu haijatoka na uzi.

Honi ya Mama Solange ikalia nje. Nikavaa shati la pasi juu ya fulana, nikafunga vifungo mpaka cha mwisho cha shingo (mtihani ni mtihani), nikatoka mbio. Kimkasi kikabaki pale pale kinapokaa siku zote.

Kwenye robot ya kwanza (taa za barabarani, kwa lugha ya huku) Mama Solange akaniuliza kama naogopa. Nikasema hapana. Kwenye robot ya pili akaniuliza tena. Nikasema eish, kidogo. Akasema vizuri, yule mwanafunzi asiyeogopa, yeye alimrudisha kwao mwezi uliopita.

Mwavuli wa kwanza nikaufungasha, akaufumua, akaguna. Wa pili nikaufungasha, akaufumua, hakuguna. Sipho, mfungashaji mwenzangu, mtu wa Soweto, aliyekuwa kwenye zulia la pili, akaninong'oneza kwamba kutoguna ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Nikavimba kichwa.

Nikaanza wa tatu. Nikatembea na kamba zote kutoka mkobani hadi kwenye kitambaa, nikizipitisha vidoleni kuona kama kuna iliyojisokota. Nikaubeba mwavuli begani, nikapanga kunjo zake kushoto na kulia, nikakiweka katikati kile kitambaa cha mraba kinachoufanya ufunguke taratibu usimvunje mtu mgongo. Nikaulaza chini, nikaulalia kifua kutoa hewa. Nikaukunja, nikauingiza kwenye mfuko wake, nikazibana kamba kwa mipira, fundo kwa fundo, zote sawa. Nikafunga mkoba, nikapitisha pini kwenye kitanzi, nikaichomoa kamba niliyovutia kitanzi na kumwonyesha Mama Solange mkononi kwamba imetoka, haikubaki ndani. Ulikaa vizuri kama mto mpya wa kochi. Watu wakaja kuangalia. Sipho akasema, "Sharp, fundi."

Nje ndege imeshawasha injini. Warukaji wameshapanda, wamebakiza kiti kimoja. Mama Solange kavaa ovaroli yake, ile niliyoishona goti. Ikabaki hatua moja tu. Akaniambia nimkagulie mkoba wote kutoka juu hadi chini, nikitaja kila kitu kwa sauti, kama ninavyotakiwa kumkagulia mrukaji kabla hajapanda. Hata kule juu, kwenye wa akiba, nifungue kifuniko, niangalie kwa macho tu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukifungua kile kifuniko. Nikaona pini. Nikasema kwa sauti, pini ipo, imenyooka. Halafu, jamani, hapo kwenye pini, nikaona uzi.

Mwekundu. Mwembamba wa kudharaulika. Umezungushwa mara moja tu na mkia unaning'inia. Kwenye kazi ya Mama Solange! Nilimwonea huruma. Nikajua kwa haraka zake aliusahau, na watu wote hawa wanaangalia, nikaona nimsitiri. Sikufikiria zaidi ya hapo. Mkono ukaingia shingoni wenyewe, kifungo kikaruka, kimkasi kikatoka.

Kacha. Kacha.

Nikaupuliza. Nikamgeukia mwalimu wangu na kutabasamu. (Nilitabasamu. Hapo ndipo panaponiuma.)

Kitu kidogo kikadondoka kwenye zulia. Nikakiangalia. Kilikuwa kipande cha madini ya risasi kilichobanwa na kugongwa alama, lakiri, sawasawa na kile kinachofungwa kwenye mita ya umeme. Na mita nazijua. Hata mlevi wa Rosettenville saa nane ya usiku anajua kile hakikatwi.

"Papa Shaban," Mama Solange akasema polepole, "kale kauzi kekundu kako wapi?"

"Nimekusafishia, Mama."

"Ulinisafishia."

Hakupaza sauti. Bora angepaza. Alinieleza akiwa ameinama anaokota kile kirisasi. Ule uzi ni dhaifu kwa makusudi, ili siku mtu anavuta mwavuli wa akiba ukatike bila ubishi. Na ile alama ni yake. Uzi ukiwepo mzima, kila mtu anajua kwamba tangu Mama Solange alipoufunga ule mwavuli, hakuna mkono mwingine uliofika pale. Usipokuwepo, mkoba hauruki. Nikamwambia kwa unyonge kwamba mwenye alama ni yeye mwenyewe, na uzi anao, afunge mwingine sasa hivi awahi ndege.

"Miye niliona unakata kauzi," akasema. "Sikuona ile mukasi iligusa nini ingine."

Akavua kofia ngumu, akatembea hadi kwenye ndege kumwambia rubani aende. Nyuso zote zikajaa mlangoni kunitazama. Mzee mmoja wa pale, anayetangaza safari kwa kipaza sauti, akautangazia uwanja mzima, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba Solange haruki kwa sababu fundi nguo amempunguzia uzi. Ndege ikaondoka na kiti kitupu. Kile kiti nilikiona mpaka kikapotea mawinguni.

Haikuishia hapo. Pale wana desturi: mtu akifanya jambo lolote kwa mara ya kwanza, anawaletea wenzake kreti ya bia. Mzee akauliza kwa kipaza sauti kama kuna aliyewahi kumkatia mwalimu wake lakiri siku ya mtihani. Hakuna. Basi ni mimi. Nikasema mimi Mwislamu, bia sibebi. Wakafanya kikao pale pale, nikiwepo, wakakubali sambusa za Fordsburg.

Nikasubiri kufukuzwa. Mama Solange akanyoosha mkono, nikamvulia kimkasi na utepe wake, akakifungia kwenye droo. Akaniambia nikae kwenye kiti, mikono niikalie. Kisha akauweka mkoba wake mezani, akavuta mpini wa akiba. Kutoka ndani kikaruka kiparachuti chenye springi mpaka karibu na dari. Nikapiga shahada kwa sauti. Sipho akatoka nje kwenda kucheka.

Kuanzia hapo mpaka karibu na alasiri nilimwangalia yule mama akifanya kazi, na nawaambieni, nimeshona miaka ishirini na mbili na sijui kushona. Alitandaza kitambaa cheupe, akapanga zana zake, akazihesabu kwa Kifaransa, akaandika hesabu kwenye karatasi. Akapitia kila mshono wa ule mwavuli akiuinua kwenye mwanga, upande wa nje na wa ndani. Hakuna aliyemsimamia. Alipofika katikati simu ikaita, hakupokea. Alipopiga chafya akarudi nyuma kunjo mbili akaanza tena. Mwavuli mkubwa vile ukaingia kwenye nafasi ndogo kuliko mkate wa Mreno. Mwisho akazihesabu zana tena. Zote zipo, hakuna iliyolala ndani. Ndipo akachukua uzi mwekundu, akauzungusha, akabana kirisasi, akagonga alama yake. Akaandika kwenye kadi, akatia sahihi. Nilitamani kusimama nimpigie makofi, ila mikono nilikuwa nimeikalia.

Ndege ya mwisho ikawa inajaza watu. Mama Solange akavaa mkoba. Nikadhani atakuwa ameubadilisha ule wa chini. Hakuubadilisha. Ule mkuu mgongoni mwake bado ulikuwa wangu, wa mkono wa mtu ambaye leo ameonekana na kila mtu kuwa hafai kuachwa peke yake na uzi. Nikamwambia kwamba si lazima, mtihani tuahirishe. Akajibu kwamba kufungasha aliniangalia mwanzo mpaka mwisho, kimkasi kilikuwa bado ndani ya vifungo vya shati, kosa lilikuja baada ya hapo.

Akapanda. Nikasimama kwenye nyasi na shingo juu. Nilimwona akitoka, nukta nyeusi. Nikaanza kuhesabu. Nikakumbuka kila kunjo, kila mpira, kila kamba. Nikajiona nimesahau kitu, sijui kipi. Nikasoma kila dua niliyofundishwa, na moja ya kusafiria baharini.

Ukafunguka. Bluu na njano, mraba kabisa, umetulia. Jamani, nililia. Sipho atawaambia nililia sana, msimwamini, nililia kiasi.

Akatua kwa miguu miwili, akaja ameubeba mwavuli mikononi, akaniomba kitabu changu cha mafunzo. Akakiweka juu ya goti, lile goti nililolishona, akaandika, akatia sahihi.

"Umefungasha muzuri, Papa Shaban," akasema. "Kale kamukasi kanabakia kwangu."

Kibali ninacho. Nimekisoma mara sita tangu tuingie garini. Mstari wa kwanza unasema naruhusiwa kufungasha peke yangu. Mstari wa pili unasema kabla sijapanda kwenye zulia, nikaguliwe shingo. Mkaguzi ni Sipho, na leo ameshafanya mazoezi mara nne.

Kwa hiyo wateja wangu mlioko humu, kuanzia kesho mkiona nguo yenu imetoka na uzi unaning'inia, msinipigie simu. Siukati mpaka nihakikishe hakuna mtu aliyetia sahihi.