Njia Panda Inacheza Nyumbani

Jumapili, 8 Septemba 2013. Tenke

Miaka ishirini na nusu tangu nitolewe Kolwezi. Treni iliyokuwa ikitupeleka Kasai ilisimama hapa Tenke, reli zinapogawanyika, nami nikashuka kutafuta maji. Sikupanda tena. Kasai alitoka baba yangu. Mimi sijawahi kuishi huko. Kolwezi, nilikozaliwa, wenyeji wa Katanga walisema si kwetu. Basi nikabaki katikati, na mke wangu Kabedi, sufuria na kamusi.

Hapa nikaanzisha timu, AS Njia Panda. Leo tumefungwa tatu bila, uwanjani kwetu kando ya gare, yaani stesheni. Hilo si tatizo. Tatizo ni jukwaa. Walikuwapo Kabedi, aliyekuja kuchambua maharage yake. Mlinzi wa reli, amelala. Na mbuzi wa jirani.

Nilikuwa nimejipanga. Wachezaji wa akiba niliwavalisha mashati ya kawaida nikawaketisha jukwaani wawe mashabiki. Mwanzoni walipiga makofi vizuri. Kisha beki wa kulia akateguka mguu. Nikamwita wa akiba. Akakataa kushuka. Alisema huku juu kunafurahisha zaidi, na hajamaliza kumtukana mwamuzi. Tukacheza pungufu hadi mwisho.

Nikirudi, nikapita mbele ya chumba cha video cha Hamadi. Watu wamejaa hadi dirishani. Wanashangilia Wazungu wasiojua Tenke iko upande gani. Kwa hasira nilipitiliza mlango wangu mwenyewe.

Jumanne, 10 Septemba

Amekuja mjumbe wa ligi kutoka Kolwezi. Stany, kijana wa Dilala, mtaa wa hukohuko. Miwani myeusi ndani ya nyumba. Alikaa kwenye kiti changu.

Anasema ligi imechoka na timu zisizo na watu. Jumapili ijayo atakuja kutazama. Jukwaa lisipojaa, kuanzia msimu ujao Njia Panda itachezea mechi zake za nyumbani Kolwezi.

Nikamuuliza timu inakuwaje nyumbani katika mji wa watu wengine.

"Tata Kazadi, ni sheria. Na kule uwanja uko na majani."

Nikamwambia sijakanyaga Kolwezi tangu waliponitoa, na majani hayatanirudisha. Akasema pole sana, wakati ule yeye alikuwa bado tumboni mwa mama yake. Akaongeza kwamba watu wengi wa Kasai wamesharudi, wana maduka, wanaendelea vizuri. Nikamjibu najua. Hilo ndilo linaloniudhi.

Kwa hiyo mambo ni wazi. Timu ikienda Kolwezi, mimi sina timu. Kule nimeacha nyumba, rafu za vitabu na kaburi la mama. Timu hawaipati.

Jumatano, 11 Septemba

Nimekwenda kwa Hamadi, nimevaa tai. Hamadi ana lori na chumba cha video. Wazazi wake walikuja kutoka Kasongo na biashara ya chumvi. Akanipa chai. Nikamwomba kwa heshima afunge chumba chake Jumapili alasiri.

Akasema hawezi. "Muzee, batu banapenda timu yenye kushinda. Weye utabapa nini kule?"

Nikamwambia: uaminifu.

Akauliza unaliwa na nini.

Nikaacha chai yake nusu. Anifundishe mimi habari za mashabiki? Kolwezi nilikuwa katibu wa mashabiki. Kulia kwangu, kila Jumapili, aliketi jirani yangu, fundi umeme wa mgodini. Miaka yote tulikula karanga katika karatasi moja. Tukifunga bao alinikumbatia mimi kwanza, mkewe baadaye. Wageni wakizidiwa, jukwaa zima liliwaimbia: mwende kwenu, mwende kwenu. Na ngoma yetu kubwa nyuma.

Kisha mgodi ukaporomoka, mishahara ikakatika, akatafutwa wa kulaumiwa, nao wakatuona sisi wa Kasai. Asubuhi moja ngoma ileile ikaja mlangoni kwangu. Wimbo uleule. Hata ufunguo wa muziki hawakubadilisha. Jirani yangu alitangulia mbele, akaniomba ufunguo wa nyumba. Aliuomba kwa adabu. Aliniita tata, yaani baba. Mengine huenda nitayasamehe. Adabu ile, hapana.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepata njia. Nani ana deni la uaminifu kwangu? Wale tuliotoka nao Kolwezi. Wengi waliteremka hapahapa, wengine walifika Kasai wakaona hawana wanachokijua huko, wakarudi hadi Tenke. Wamejaa mtaa wa nyuma ya gare. Mpirani hawaji. Wananisalimu kwa mikono miwili, kisha Jumapili wanalala.

Dodo, mwenye teksi-moto, pikipiki ya abiria, ana kipaza sauti anachotangazia dawa za minyoo. Atazunguka mtaani Jumamosi nzima. Mimi nimeandika tangazo. Nimelikata na kulikata tena hadi halina neno la ziada. Dodo alisema betri ni dhaifu, nipunguze zaidi. Nikaondoa "mpira". Nikaondoa na "mechi". Nani asiyejua kinachofanyika kando ya gare Jumapili?

Limebaki hivi: "Watu wote wa Kasai mliotoka Kolwezi. Jumapili saa nane, kando ya gare. Njooni na watoto na wazee. Asibaki mtu ndani ya nyumba."

Kabedi akalisoma. Akaniuliza kama nimelisikia kwa masikio, au nimelisoma kwa macho tu. Nikamwambia maandishi mazuri husomwa kwa macho. Akasema badilisha. Nikasema halina kosa hata la nukta. Kesho anakwenda kwa dada yake Fungurume. Vizuri, sitasumbuliwa.

Jumamosi, 14 Septemba

Dodo amezunguka tangu asubuhi. Sauti safi kabisa. Akipita, mtaa unanyamaza. Sijawahi kuona tangazo likisikilizwa kwa heshima namna hii.

Na si kusikiliza tu. Watu wanajiandaa! Wanafua, wanakunja, wanashusha mabegi ya zamani. Mzee wa kona anang'oa mlango wake. Sikuelewa, lakini kila shabiki ana ushabiki wake.

Mama Mianda, mjane wa jirani, akaniita kwenye ua. Akauliza kama watu wanaruhusiwa kubeba matela. Nikamwambia bila shaka, magodoro yaje, mabenchi yetu ni magumu. Akauliza mbuzi. Nikasema mbuzi hapana, tunao wa kutosha.

Akauliza, kwa sauti ndogo: "Na ya kurudi iko, tata?"

Nikamwambia ya kurudi iko, Novemba, lakini huko ugenini tusitegemee kupokewa vizuri.

Akashika ua kwa mikono yote miwili. Machozi yakamtoka. Nikaguswa. Miaka yote hii nilimdhania mwanamke asiye na moyo wa mpira.

Jumapili, 15 Septemba

Naandika kalamu ikitoboa karatasi.

Saa nane. Jukwaa tupu. Si pungufu: tupu. Stany kwenye kiti chenye kivuli, anajipepea. Mwamuzi akapiga filimbi. Nikatazama geti. Hakuna. Hata mlinzi wa reli hakuja kulala.

Kisha nikasikia sauti za watu nyuma ya ukuta, upande wa gare. Watu wengi. Nikapanda juu ya ukuta, katika umri huu.

Wote walikuwa pale. Mtaa mzima, kwenye sakafu ya kungojea treni na nje yake, wameketi juu ya mizigo wakitazama reli. Magodoro yamefungwa kamba. Sufuria, cherehani, picha za ndoa. Mzee wa kona na mlango wake mgongoni. Mara ile waliuiba, alisema, safari hii anausindikiza mwenyewe. Hakuna aliyelia wala kupiga kelele. Walikuwa wamepanga foleni. Tunajua kupanga foleni hiyo.

Na mbele yao, kati yao na reli, walisimama watu wengine. Vijana wa chumba cha video, Wasanga, Walunda, wengine Wabemba, wenyeji wa Katanga, fimbo mikononi. Wanawake wa sokoni na michi yao. Lori la Hamadi limelala katikati ya njia ya treni. Walikuwa wanamngoja huyo anayekuja kututoa. Walisema atapita juu yao.

Hamadi alikuwa amefunga chumba chake cha video. Jumatano nilimwomba, nikavaa na tai, akakataa. Leo hakuna aliyemwomba, amefunga. Mtu gani huyo?

Nikapaza sauti kutoka ukutani kwamba mechi imeshaanza, wanachelewa.

Mama Mianda akainua uso. "Tata Kazadi. Mizigo yako weye iko wapi?"

Nikasema mizigo ya nini, ni mpira.

"Mupira gani?"

Nikasema wa timu yetu, Njia Panda, leo tunacheza nyumbani.

Mama Mianda akasema polepole: "Mi nilifunga nyumba. Nilichinja kuku yote ju ya safari. Asubuhi nilienda kuaga bwana yangu ku makaburi. Weye unasema mupira?"

Nikamweleza kwamba tangazo halikuwa na kosa. Hamadi akatokea nyuma ya lori, amekunja mikono ya shati. "Muzee, bitabu yote ile ulisoma, neno moja ya mupira njo ilikushinda kuandika?"

Kiatu kikarushwa, kikanipata begani. Nilikitambua: cha mzee wa kona. Halafu mama Mianda akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko kizuri, kilimtoka kama kikohozi, akashika tumbo, akaketi chini. Wa pili naye. Kisha foleni nzima. Vijana wakatupa fimbo zao. Watu waliokuwa tayari kupigwa wanacheka vibaya sana, huwezi kuwazuia.

Kwa kuwa kuku walikuwa wamekwisha kupikwa, wakaingia uwanjani. Wote. Kasai na Katanga, soko na video. Kipindi cha pili jukwaa lilijaa hadi ngazini, na wengine wakatandika magodoro nyuma ya goli. Nilipita nikiwaambia magodoro yanazuia kuona kona. Nilipewa paja la kuku. Nililikataa. Baadaye nilikula bawa, lakini nikiwa nimesimama.

Tumetoka sare, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Mpinzani alisema hakuweza kucheza kwa sababu ya harufu ya kuku.

Nikaenda kwa Stany nimwonyeshe jukwaa. Kiti kitupu. Alikuwa amechungulia gare kabla ya mapumziko, akaona fimbo, michi na lori juu ya reli, akadhani ni fujo. Alikwisha kuondoka nyuma ya pikipiki ya Dodo. Dodo wangu! Niliyemfanya maarufu.

Kwa macho ya ligi, leo hakuja mtu.

Jumatatu, 16 Septemba

Stany amepiga simu. Ripoti yake: jukwaa tupu, machafuko kando ya gare. Uamuzi: msimu ujao Njia Panda inacheza nyumbani Kolwezi. Wachezaji walipoambiwa walicheza ngoma. Wanapenda majani.

Kabedi karudi saa sita na habari zote tayari, maana Fungurume wanacheka hadi sasa. Hakunigombeza. Aliketi, akavua viatu. "Kolwezi, siku ile, hakuna mutu alisimama mbele yetu. Hata mumoja. Jana bamesimama. Ile njo ulipashwa kuandika mu kitabu yako."

Nikamwambia nimeandika. Walisimama upande usiofaa wa ukuta.

Akasema mechi ya kwanza Kolwezi atakwenda. Anataka kuona mparachichi wake kama bado upo, na kumsafishia mama yangu kaburi. Hamadi atabeba timu na mashabiki kwa lori, bure. Mama Mianda ameshachukua nafasi. Mzee wa kona pia, bila mlango. Vijana wa video wanagombania ubao wa nyuma. Mitaa miwili kufika uwanjani hapa iliwashinda, Kolwezi wanaiweza.

Lakini sijalala. Uamuzi hukatiwa rufaa, klabu ikithibitisha kwamba ina mashabiki. Safari hii hakuna kipaza sauti, hakuna neno la kusikika vibaya. Dodo ameniomba radhi, atafanya kazi. Atapita nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu. Kila mlango wa mtu aliyetoka Kolwezi atauchora msalaba mkubwa wa chaki, na kuandika majina ya waliomo, watoto pia. Ligi ikija itaona kwa macho yake tuko wapi na tuko wangapi. Tutaanzia kwa mama Mianda.

Kabedi akaniuliza kama nakumbuka mlango wetu wa Kolwezi ulivyochorwa, wiki moja kabla ya ngoma. Nikamwambia ule ulichorwa kwa mkaa. Hii ni chaki.

Ametupa chaki chooni. Kesho nitanunua nyingine.

Jioni Hamadi amepita kusema ameniwekea nafasi ya mbele, karibu na dereva, kwa sababu ya mgongo wangu. Nimemshukuru. Nimemwambia ampe mtu mwingine. Kolwezi mimi sirudi.